Kura ya Mwenye Ndala

Mlango wa ukumbi wa madiwani ukafunguka, na wale waliodhani ni upepo wakaona si upepo.

Wiki iliyopita tuliliacha baraza la mji limegawanyika nusu kwa nusu kama mkate wa ndugu wawili. Madiwani wanane walikuwa wamesimama. Hao walitaka chumba cha watoto pale sokoni kivunjwe, mahali pake pawe maegesho ya magari ya waheshimiwa. Wanane walikuwa wamekaa. Hao walitaka chumba kibaki, akina mama waendelee kulaza watoto wao humo huku wakiuza nyanya na vitunguu.

Katika baraza hili hakuna kura ya karatasi. Anayekubali husimama, anayekataa hukaa, na Katibu huwahesabu. Sare ikitokea, Meya huivunja kwa kura yake. Lakini Meya alikuwa akiikwepa kura hiyo kama paka anavyokwepa maji, maana mabenchi ya nyuma yalijaa akina mama wa sokoni, watoto mgongoni, na uchaguzi haukuwa mbali. Alitaka kaa la moto lishikwe na mkono wa mwingine.

Basi mlango ukafunguka, akaingia Kinyozi.

Bi Sindano akaukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Yeye ni fundi cherehani, diwani wa kata ya sokoni, na ndiye aliyekitetea chumba kile tangu asubuhi mpaka sauti ikamkauka. Huyu Kinyozi naye alikuwa diwani wa kata ya jirani. Alikuwa rafiki wa Meya. Alikuwa amemwahidi Meya kura. Na juu ya hayo yote, alikuwa mume wake.

Asubuhi alikuwa amemwacha kitandani na homa, kikohozi na birika la chai. Tena, na hili hakuna aliyelijua ila yeye na Mola wake, alikuwa amemwacha bila viatu.

Ndiyo, alivificha. Mama mzima, mwenye wajukuu, alipiga magoti kando ya cherehani yake akavizika viatu vya mumewe ndani ya sanduku, chini ya vitambaa. Halafu akaondoka mbio kama mwizi wa kuku. Njiani dhamira ikamsuta, akapitia dukani akamnunulia pipi ya kikohozi.

Sasa Kinyozi alikuwa mlangoni, anahema. Mguu wa kulia alikuwa na ndala yake ya buluu. Wa kushoto alivaa ndala ya waridi ya mkewe, ile ya jikoni, na kisigino chake chote kilikuwa nje kinapunga hewa. Mabegani alijifunika kiblanketi kidogo chenye picha za bata wa njano.

Bi Sindano alikitazama kile kiblanketi mara mbili. Bata wale aliwajua. Aliwashona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa, akawapelekea watoto wa chumba cha sokoni. Mumewe amekipata wapi?

Hakuweza kumwuliza. Walikuwa hawasemeshani tangu ile kura ya taa.

Kinyozi aliomba taa ya barabarani mbele ya kibanda chake cha kunyolea. Bi Sindano aliona taa hiyo ingefaa zaidi mlangoni mwa zahanati, akabaki amekaa, na ombi la mumewe likaanguka kwa kura moja tu. Tangu siku hiyo nyumba yao ilizungumza kupitia birika. "Birika, mwambie mwenzako chai tayari." "Birika, mwambie nimesikia."

"Karibu, karibu sana, rafiki yangu," Meya alisema, na uso wake ukang'aa kama sufuria mpya. "Njoo ukae. Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

"Simama hapo hapo, mheshimiwa," Katibu alisema. "Usivuke mstari wa mlangoni."

Katibu wa baraza alizipenda kanuni kama watu wengine wanavyopenda watoto wao. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kanuni ya mavazi iko wazi. Mtu asiye na viatu vinavyofunika kisigino hayumo ukumbini, hata kama anaonekana."

"Lakini si tunamwona?" Meya alisema.

"Tunamwona, mheshimiwa. Ila hayumo."

Akina mama wa nyuma wakacheka. Bi Sindano akashusha pumzi. Kumbe wizi wa asubuhi haukwenda bure.

"Basi aazimwe viatu," Meya alisema. "Nani ana viatu vya kumwazima mzee mwenzetu?"

Madiwani wakajaribu. Mmoja akatoa kiatu chake, vidole vya Kinyozi vikaingia, kisigino kikakataa. Mwingine akatoa chake, hata vidole havikuingia vyote.

"Msijisumbue," ikasema sauti kutoka mabenchi ya nyuma. Alikuwa fundi viatu, mtu mwema na mpole, aliyekuja barazani kwa sababu siku hiyo hakuwa na kazi. "Miguu ya namna hiyo mjini humu ipo ya watu wawili tu. Kalibu zao zote mbili za kushonea viatu ziko kwangu. Mmoja ni huyo Kinyozi. Mwingine ni Mheshimiwa Meya."

Watu wote wakatazama chini ya meza ya Meya.

Meya naye akajitazama miguu. Akamtazama Kinyozi, rafiki yake, mtu aliyemnyoa tangu ana nywele hadi sasa anapong'arishwa tu. Akapiga hesabu yake kimoyomoyo. Kiatu kwa kura si biashara mbaya. Akainama, akafungua kamba, akavisukuma viatu vyake mpaka mlangoni. Kisha akaikunja miguu yake chini ya kiti. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kinachungulia mkutano.

Kinyozi akavaa. Vikamkaa kama alizaliwa navyo. Akavuka mstari, akaenda kwenye kiti chake, akakaa taratibu huku ameshika kiblanketi chake kifuani.

"Pole na homa, ndugu yangu," Meya alisema. "Mmemwona mtu anayelipenda baraza lake? Ametembea na homa yote hiyo."

"Nilitembea nikachoka," Kinyozi alisema. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Magoti yaliisha nguvu pale sokoni, nikakaa kwenye ngazi ya chumba cha watoto. Yule bibi mlezi akatoka. Akanishika paji la uso. Akasema, baba, ingia ulale kidogo. Nikamwambia, mimi ni diwani. Akasema, hata diwani hulala."

"Akalala katikati ya mapacha wangu," mama mmoja wa vitunguu akadakia kutoka nyuma. "Nilipowafuata kuja nao huku, nilimwacha anakoroma kuliko wote."

Ukumbi ukacheka. Hata Katibu akaficha mdomo kwa karatasi.

"Bibi mlezi ndiye aliyenifunika hiki," Kinyozi alisema, akagusa bata mmoja. "Mtoto mmoja alibaki wazi kwa ajili yangu. Yule bibi akavua mtandio wake, akamfunika."

"Vizuri, vizuri," Meya alisema. "Lakini hilo halihusiani na maegesho."

"Sijasema linahusiana."

Bi Sindano aliinamisha kichwa. Alimfahamu mtu huyu. Kinyozi akisema neno moja polepole, ujue amebakiza manane tumboni. Lakini ahadi ni deni, na mumewe hakuwahi kuvunja ahadi tangu amwoe. Atasimama au atakaa?

"Tunarudia kura," Katibu alitangaza. "Wakati wa kuhesabu hakuna kusema, hakuna kuondoka, hakuna kumgusa mwenzako. Wanaokubali chumba kivunjwe, wasimame."

Viti vikakwaruza. Wanane wakasimama kama mwanzo. Mbele yao alikuwa Mkandarasi, jitu la mikono kama makasia, na wote mjini walijua kwamba maegesho yale yakijengwa, yeye ndiye mjenzi.

Kinyozi alibaki amekaa.

Meya akakohoa kidogo, kama anayemkumbusha mtu jambo. Kinyozi akatazama dari. Meya akakohoa tena. Kinyozi akatazama kucha zake.

Bi Sindano hakuamini macho yake. Mumewe amekaa. Amekaa kweli.

Halafu akaona bega la Kinyozi likitikisika.

Bega lile alilijua kuliko mtu yeyote ukumbini. Ni bega la kikohozi kinachokuja. Na mumewe hakohoi akiwa amekaa, wala akiwa amelala. Tangu walipooana, kikohozi kikimshika usiku huinuka kitandani, huenda mpaka dirishani, hukohoa huko ameupa ukuta uso, ili mkewe asiamke. Mkewe huamka kila mara. Hajapata kumwambia.

Mazoea hayo yalikwisha mwingia mwilini. Kikohozi kikija, atasimama. Na akisimama tu, Katibu atamhesabu.

Amwite? Hakuna kusema. Amwendee? Hakuna kuondoka. Katibu alikwisha anza kuhesabu kutoka upande wa madirisha, kidole hewani, polepole kama mtu anayehesabu vifaranga vyake mwenyewe.

Bi Sindano akafungua mkoba. Akaitoa ile pipi ya kikohozi.

Kanuni ilikataza kugusa mtu. Haikukataza kugusa pipi. Akaisukuma juu ya meza hadi kwa jirani yake. Jirani akaitazama, akamtazama yeye, akaelewa. Akaisukuma mbele. Diwani aliyefuata alikuwa wa upande wa Meya, tena mwanamama asiyepatana na Bi Sindano hata kwa salamu. Akaiona pipi imefika mbele yake. Akamwona Kinyozi, uso umemwiva, ameshika meza kwa mikono miwili. Mwanamama yule akaisukuma pipi kwa ncha ya kidole, huku anatazama pembeni kama si yeye.

Ikafika kwa Mkandarasi.

Mkandarasi aliichukua. Ikapotea ndani ya kiganja chake kikubwa. Akabaki amesimama nayo.

Bega la Kinyozi likaruka tena. Makalio yake yakaachana na kiti.

Mkandarasi aliitazama pipi. Akawatazama bata wa njano wa kiblanketi, akawatazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Kisha akanyoosha mkono, akaidondosha pipi mbele ya Kinyozi.

Kinyozi akaitia mdomoni. Akafumba macho. Akarudi kitini.

"Waliosimama, wanane," Katibu alisema. "Waliokaa, tisa. Chumba kinabaki."

Mabenchi ya nyuma yakalipuka. Mapacha wa mama wa vitunguu wakaamka wakaanza kulia, na hakuna aliyewanyamazisha, maana kilio chao pia kilisikika kama furaha. Bi Sindano alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio wake.

Lakini Meya alikuwa anatabasamu.

Ee, hilo ndilo lililomtia Bi Sindano wasiwasi. Mtu aliyeshindwa hatabasamu hivyo.

"Katibu," Meya alisema kwa upole, "hebu tukumbushe ile kanuni ya viatu."

"Mtu asiye na viatu vinavyofunika kisigino hayumo ukumbini," Katibu alisema, "hata kama..." Akanyamaza.

Meya akainua mguu wake wa kushoto juu, polepole. Kidole gumba kikausalimia umma.

"Hata kama anaonekana," alimalizia mwenyewe. "Wakati wa kura mimi sikuwa na viatu. Kwa hiyo sikuwemo. Na kura iliyopigwa bila mwenyekiti ni kura gani, Katibu?"

Katibu alionekana kama mtu aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe. "Ni batili," alisema.

"Basi nirudishiwe viatu vyangu, turudie."

"Na Kinyozi?"

"Ana ndala zake. Mbili, tena za rangi tofauti, nani kama yeye?" Meya alikuwa amekasirika kiasi cha kusahau uchaguzi. "Ikitoka sare, safari hii nitaivunja mwenyewe."

Bi Sindano akainuka kabla hajafikiri. "Kwa nini asiletewe viatu vyake mwenyewe? Nyumba yetu iko mtaa wa pili tu hapo. Mtu akikimbia, ni sasa hivi."

Ulimi hauna mfupa. Alipomaliza kusema ndipo alipojisikia.

"Wazo zuri sana, shemeji," Meya alisema. "Mimi si mtu mbaya. Nitangoja. Kinyozi, ndugu yangu, viatu vyako viko wapi?"

Bi Sindano akaketi.

Kinyozi alihamisha pipi kutoka shavu moja kwenda jingine. Hakumtazama mkewe.

"Viko kwa fundi viatu," alisema. "Nilipeleka visigino."

Mungu amlaze pema aliyebuni uongo wa namna hiyo, maana ulikuwa uongo mwema. Tatizo ni kwamba fundi viatu alikuwa amekaa pale pale nyuma, na fundi viatu, kama mnavyowajua watu wa namna yake, hakuwahi kudanganya mtu ila siku ya kumaliza kazi.

"Kwangu?" alisema, akasimama kabisa ili asikike vizuri. "Hapana, Kinyozi. Umesahau. Visigino nilikurudishia zamani. Ukaja navyo hata msibani juzi, nikakusifu."

Mama wa vitunguu akamvuta shati. "Kaa chini, baba."

"Nasema kweli lakini."

"Ndiyo maana nakwambia kaa."

Kinyozi alifumba macho. Meya alikuwa amekwisha nusa kitu, pua yake ilikuwa juu. Alimtazama Kinyozi, akamtazama Bi Sindano, akaitazama ile ndala ya waridi iliyoachwa mlangoni.

"Kwa hiyo mzee aliamka na homa, viatu havionekani," alisema. "Siku ya kura. Ajabu. Katibu, diwani akimzuia diwani mwenzake asihudhurie kikao, kanuni inasemaje?"

"Kiti chake kinatangazwa wazi," Katibu alisema kwa sauti ndogo.

Bi Sindano akapima mambo. Akinyamaza, viatu havitapatikana, Kinyozi hatapiga kura, na kesho sururu ziko mlangoni mwa chumba cha watoto. Akisema, viatu vitakuja na kura itasimama, lakini yeye atatoka ukumbini humu na asirudi. Aligeuka nyuma. Mama wa vitunguu alikuwa ameshampakata pacha mmoja, wa pili alikuwa mikononi mwa fundi viatu, ambaye alikuwa anambembeleza bila kuombwa.

Akashika meza. Akasimama.

Upande wa pili, ndani ya viatu vya Meya, Kinyozi naye akasimama.

"Nilivificha mimi," walisema wote wawili kwa pamoja.

Katibu alikuwa na kalamu mkononi. Akamtazama huyu, akamtazama huyu. "Niandike nani?"

"Niandike mimi," Kinyozi alisema. "Mtu kuficha viatu vyake mwenyewe si kosa. Ni uzee."

"Anadanganya," Bi Sindano alisema. "Niandike mimi."

"Birika," Kinyozi alisema, akatazama dari, "mwambie mwenzako akae chini."

"Birika halipo hapa, mzee. Kaa chini wewe."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na machozi ndani yake. Meya akapiga meza.

"Rahisi tu," alisema. "Kila mmoja amnong'oneze Katibu viatu viko wapi. Mkweli atajulikana."

Hapo Bi Sindano akajua mambo yamekwisha. Mumewe hawezi kujua. Alivificha mzee angali amelala, uso wake umeelekea ukutani. Akamwendea Katibu, akainama, akamnong'oneza. Akarudi kitini. Kinyozi naye akaja akikokota miguu, akainama kwenye sikio lile lile. Katibu akanyanyua nyusi. Akavua miwani.

"Wote wawili," alisema, "wametaja mahali pamoja. Ndani ya sanduku, kando ya cherehani, chini ya vitambaa. Bwana ameongeza kwamba soksi zimo ndani ya kiatu cha kulia."

Bi Sindano alimgeukia mumewe. Soksi. Hata yeye alikuwa amezisahau.

"Basi walishirikiana," Meya alisema upesi. "Viti vyote viwili wazi. Hesabu, Katibu. Wanabaki wanane kwa saba, na mimi wala sina haja ya kupiga kura."

"Ngoja kwanza, mheshimiwa." Katibu alikuwa amesimama, na uso wake ulikuwa umerudiwa na damu, kama mtu aliyempata mtoto wake aliyepotea. "Kanuni inasema kuzuia. Mtu anayejua viatu vyake vilipo, na sanduku halina kufuli, huyo hakuzuiwa na yeyote. Hakuna kosa la mtu. Tutatuma viatu vifuatwe, apige kura ndani ya viatu vyake mwenyewe. Lakini ni lazima nipate jambo moja kwa kinywa chake, niliandike. Alijua tangu lini? Na kama alijua, kwa nini alikuja na ndala?"

Sasa hapo ndipo mzigo wote ulipotua: chumba cha watoto, kiti cha Bi Sindano, na heshima ya nyumba moja, vyote juu ya ulimi wa Kinyozi. Akisema amejua sasa hivi tu kwa kubahatisha, mkewe amekwisha.

Kinyozi alifungua mdomo.

Pipi ilikuwa imekwisha.

Kikohozi kikampata kama kilichokuwa kinamngoja. Akaenda moja kwa moja dirishani, akaugeuzia ukuta uso, akakohoa huko, kiblanketi cha bata kinaruka mgongoni. Hakuna aliyecheka. Bi Sindano alichukua bilauri ya maji mezani, akamfuata, akamshika mgongo kwa kiganja. Hakuna kanuni aliyoiuliza.

"Kunywa," alisema. Lilikuwa neno la kwanza la upole alilomwambia tangu ile taa.

Akanywa.

"Ulijua tangu lini?" mkewe alimnong'oneza.

"Tangu ulipovificha. Sanduku lile linalia kama bata ukilifungua. Nilikuwa macho."

"Na hukuvitoa?"

"Ningevitoa, ungejua kwamba nimejua." Alifuta mdomo. "Ungeona haya siku nzima. Na leo ulikuwa na kazi kubwa."

Bi Sindano alikirekebisha kile kiblanketi, akakivuta kikamfunika shingo.

"Baraza halisikii minong'ono," Katibu aliita. "Mheshimiwa Kinyozi, sema kwa sauti, niandike."

Kinyozi akageuka. Akavuta pumzi.

Na Meya akaona. Akaona kwamba mzee huyu akisema maneno hayo kwa sauti, mchezo umekwisha. Na kwenye meza ya Meya kuna kengele. Kengele hiyo ikilia, kikao kimefungwa. Lisilosemwa kabla ya kengele halisemwi tena, na kesho asubuhi kuna kikao kingine ambacho mgonjwa wa homa anaweza asikiamkie.

Meya aliinyakua kengele, akainyanyua juu, akaitikisa kwa nguvu zake zote.

Haikulia.

Akaitikisa tena. Kimya. Ndipo alipoinua macho, akaona mkono mkubwa umeingia ndani ya kengele na kuushika ulimi wake. Akaufuata mkono ule mpaka begani, na kutoka begani mpaka usoni. Alikuwa Mkandarasi, mtu pekee ukumbini ambaye chumba kile kikibaki, kazi yake imekwenda.

"Mwache mzee amalize," Mkandarasi alisema.

"Umerogwa wewe? Achia kengele yangu."

"Siachii." Hakupandisha sauti. Alikuwa anawatazama tena wale bata wa njano, na safari hii alikuwa ameukumbuka wimbo wake. "Akimaliza yeye, nina langu la kusema kuhusu chumba kile. Kuhusu nani alilala humo zamani, Meya. Mimi na wewe, mkeka mmoja."